Mshauri Huondoka, Kijiji Hubaki

Katika sharika zetu nyingi siku hizi hakosekani mtu anayepata riziki yake, yote au sehemu, kwa kazi ya miradi ya maendeleo. Yupo mhandisi anayefanya upembuzi yakinifu wa maji au barabara. Yupo mwalimu mstaafu anayeitwa kufundisha kwenye semina. Wapo vijana waliomaliza chuo, wanaozunguka vijijini na madodoso wakilipwa kwa siku. Na wapo wale tunaowaita washauri waelekezi, ambao shirika la nje au wizara huwapa hadidu za rejea, siku chache na malipo mema, ili waseme tatizo la watu ni nini na dawa yake ni ipi. Kanisa nalo limo. Tunaandika maandiko ya miradi, tunapokea wageni, tunatuma taarifa kwa wafadhili.

Kazi hii si dhambi. Maandiko hayamnyimi mtenda kazi ujira wake, na elimu ni karama kama karama nyingine. Lakini ndani yake limo swali ambalo tumekuwa tukilikwepa. Mtu anapolipwa na mmoja ili atoe shauri litakaloamua maisha ya mwingine, anawajibika kwa nani? Kwa yule anayetia sahihi hundi, au kwa yule atakayebaki na matokeo baada ya gari kuondoka? Tunalileta swali hili mbele ya washarika wenzetu kwa sababu linatuhusu pande zote mbili. Baadhi yetu tunatoa ushauri, na sote kwa namna fulani tunaupokea.

Sisi wa Dodoma hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkurugenzi wa kampuni kubwa ya biashara, Frank Samuel, aliipendekezea serikali yake kwamba karanga zilimwe kwa mashine katika Tanganyika. Serikali ikatuma wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo katika Tanganyika. Walikaa wiki tisa, na sehemu kubwa ya safari yao ilikuwa kwa ndege. Wakashauri zifyekwe ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takribani pauni milioni 25.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalivunjika kwenye mizizi na visiki. Mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango. Na mvua ilipokatika, udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikabaki ndani yake. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, hasara ikiwa takribani pauni milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilikosa mizigo, na baadaye ikang'olewa.

Wagogo waliokuwa wakiishi katika nchi ile walilima uwele na mtama na kuchunga ng'ombe. Hawakufanya hivyo kwa kukosa akili. Hayo ndiyo mazao yanayovumilia mvua inayokuja leo na kupotea mwezi mzima. Ghala la kila kaya lilikuwa na jibu la swali ambalo wataalamu walilijia kwa ndege. Jibu hilo halikupewa uzito. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuwe waangalifu hapa, tusifurahie makosa ya wageni. Wakefield na wenzake hawakuwa wajinga, wala hatuna sababu ya kusema walikuwa watu wabaya. Mmoja wao aliijua nchi hii kwa miaka mingi. Wala si jambo la wakoloni peke yao. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway, kwa nia njema kabisa, iliwasaidia Waturkana wa kaskazini mwa Kenya kwa uvuvi, ikawajengea huko Kalokol kiwanda cha kugandisha samaki. Waturkana walio wengi ni wafugaji. Kugandisha samaki katika joto lile kuligharimu kuliko alichouzwa samaki mwenyewe, na baadaye ghuba waliyoitegemea ikapungua maji. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi sana. Norway ni taifa la wavuvi, likatoa kile lilichokijua.

Kwa hiyo nia njema haitoshi, na elimu haitoshi. Nini kilikosekana? Tunaamini kwamba Biblia inatuonyesha, kwa kuwa nayo ina washauri wake.

Katika Kutoka sura ya 18 tunamkuta Yethro, mkwe wa Musa. Huyu ni mgeni, kuhani wa Midiani, si Mwisraeli. Anafika kambini, na jambo la kwanza analofanya ni kusikiliza. Musa anamsimulia yote ambayo Bwana amewatendea, naye anafurahi pamoja nao. Wanakula chakula pamoja mbele za Mungu. Kesho yake anakaa na kutazama kazi ya Musa, jinsi watu wanavyomsimamia tangu asubuhi hata jioni wakingoja hukumu. Ndipo anauliza swali: ni jambo gani hili, na kwa nini unalifanya peke yako? Anamwacha Musa ajieleze. Baada ya hayo yote ndipo anatoa shauri, nalo si shauri la kuleta watu kutoka Midiani. Anamwambia achague kutoka katika watu wake mwenyewe wale wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Tena anaweka sharti: kama Mungu akikuagiza hivyo. Anajua kwamba neno la mwisho si lake. Kisha Musa anamwacha aende zake, naye anarudi nchini kwake.

Kumbukumbu la Torati sura ya kwanza inaongeza jambo ambalo ni rahisi kulipita. Musa anapolisimulia tukio hilo, anasema aliwaambia watu wajichagulie viongozi, nao wakamjibu kwamba neno hilo ni jema. Shauri la mgeni lilipita kwanza mikononi mwa wale watakaoishi nalo.

Upande wa pili tunao washauri wa mfalme Ahabu katika 1 Wafalme sura ya 22. Wapo watu wapatao 400, wote manabii, wote wanasema kwa sauti moja kwamba mfalme apande kwenda vitani, atashinda. Sedekia amejitengenezea hata pembe za chuma ili shauri lionekane kwa macho. Mjumbe anayekwenda kumwita Mikaya anamshauri kirafiki aseme kama wenzake walivyosema. Mjumbe huyo tunamjua. Ni yule rafiki anayetunong'oneza kabla ya kikao kwamba wakubwa wanataka taarifa iwe hivi. Mikaya alisema kweli, akapigwa kofi na kutiwa gerezani. Wale 400 walilala makwao. Lakini waliokufa vitani hawakuwa manabii. Alikufa mfalme, na pamoja naye askari ambao hakuna aliyewauliza lolote.

Hapo ndipo tunapoona tofauti. Yethro alimtazama yule anayechoka na wale wanaosimama kwenye foleni. Manabii wa Ahabu walitazama uso wa anayewalisha. Wote walikuwa washauri, na huenda wote walikuwa na ujuzi. Tofauti ilikuwa mahali walipoelekeza macho.

Tungeweza kuishia hapa na kuwaonya wataalamu, lakini tusingekuwa wakweli. Inatubidi tuseme habari zetu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita usharika wetu ulisaidiwa kupata kisima kirefu chenye mashine ya dizeli. Tulishukuru, tukacheza, tukachinja mbuzi. Mwaka wa kwanza kilikwenda vizuri. Baadaye tukagundua kwamba bei ya ndoo haifiki gharama ya dizeli, na tukipandisha bei akina mama wanarudi kwenye madimbwi ya mtoni. Mashine ikanyamaza kwa miezi mitano. Ndipo tukapata habari kwamba mtathmini anakuja. Wazee wa usharika tulikaa. Hakuna aliyesema tuseme uongo. Tulisema tu kwamba si heshima mgeni akute bomba kavu, na kwamba wafadhili wakisikia kisima kimesimama wanaweza kuuacha hata ule mradi wa zahanati tuliouomba. Tukakopa kidogo katika fungu la jengo, tukanunua madumu mawili ya dizeli. Siku ile maji yalitoka kwa nguvu, kwaya ikaimba. Tulipoulizwa kama kisima kinajiendesha, tulijibu kwamba tunamshukuru Mungu.

Mtathmini alikuwa Mkristo mwenzetu. Taarifa yake ilisema mradi unafanya kazi na umepokelewa vizuri na jamii. Mwaka uliofuata wafadhili, wakiitegemea taarifa hiyo, walijenga kisima cha namna ileile katika kijiji cha jirani, chenye watu maskini kuliko sisi. Kilisimama kabla ya kiangazi cha pili. Katika kongamano la akina mama, mama mmoja wa kijiji kile aliwauliza wa kwetu kwa upole, "Wenzetu, ninyi mnawezaje? Sisi dizeli imetushinda." Akina mama wetu walitazamana, wakakosa la kusema. Waliporudi walituuliza sisi wazee, nasi tukakosa la kusema.

Baadaye yule mtathmini alitueleza kwamba siku ile aliona majani yameota kwenye njia ya kwenda bombani. Njia inayopitwa kila siku na watu wenye ndoo haioti majani. Aliona, akaelewa, hakuuliza. Taarifa ilitakiwa Ijumaa, na fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika habari za majani.

Tumeitafakari siku ile mara nyingi. Sisi tulidhani tunailinda heshima ya usharika, naye alidhani anatulinda sisi. Kila mmoja alikuwa mwema kwa mwenzake. Lakini amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani yetu siku ile alikuwa yule mama wa kijiji cha pili, ambaye hakuwapo. Adabu yetu mbele ya mgeni iligeuka kuwa ushahidi wa uongo dhidi yake. Ndiyo maana tunasema swali la ushauri ni swali la imani. Pale kisimani kila mtu alimwona aliyekuwa mbele yake, na hakuna aliyemfikiria asiyekuwapo. Naye Mungu wetu husimama upande wa asiyekuwapo kikaoni.

Tunajua majibu yanayotolewa dhidi ya haya, kwa sababu tumeyatoa wenyewe.

La kwanza ni kwamba mshauri hufuata hadidu za rejea, na kilicho nje yake si kazi yake. Jibu hili lina ukweli. Mtu aliyeajiriwa kupima maji hawezi kugeuka hakimu wa kila kitu. Lakini hadidu za rejea huonyesha mpaka wa kazi, haziwezi kuonyesha mpaka wa dhamiri. Aliyeitwa kukagua paa, akaona ukuta una ufa, akanyamaza, hatasema siku ukuta ukianguka kwamba hakuitwa kwa ajili ya ukuta. Sentensi moja mwishoni mwa taarifa ingetosha.

La pili ni kwamba tukikataa sisi watachukua wengine, tena wabaya zaidi. Huenda ni kweli. Lakini Mikaya naye angeweza kusema hivyo, kwa kuwa manabii walikuwa wamejaa mjini. Mbele za Mungu hatutaulizwa kwamba kiti kilikaliwa na nani baada yetu. Tutaulizwa tulisema nini tulipokuwa tumekikalia.

La tatu ndilo gumu zaidi, kwa maana linagusa nyumba zetu. Fedha hizi zinasomesha watoto. Zinatibu wazee wetu. Zinaingia katika bahasha za sadaka, na mabati juu ya vichwa vyetu kanisani yamenunuliwa kwa sehemu nazo. Mtu mwenye watoto watatu shuleni, anayesubiri mkataba mwingine kutoka kwa shirika lilelile, akiandika kwamba mradi umeshindwa huenda hataitwa tena. Tusimhukumu mtu huyo kwa haraka. Lakini pia tusimfariji kwa uongo. Balaamu naye aliahidiwa heshima na fedha ili atoe neno ambalo mfalme Balaki alilitaka, na Agano Jipya linamkumbuka kama mtu aliyependa ujira wa udhalimu. Kama kanisa linapokea zaka kutoka katika kazi hii, basi kanisa linadaiwa kumsimamia ndugu yake siku atakapopoteza mkataba kwa kusema kweli. Tukimhubiria ujasiri na kumwacha peke yake na karo za watoto, hatuna tofauti na wale walioitazama njaa ya ndugu yao wakamwambia aende kwa amani.

Wengine watasema basi heri kuacha misaada yote na washauri wote, tujitegemee. Tunaheshimu wazo hilo, na nchi yetu ililitamka wazi katika Azimio la Arusha mwaka 1967, kwamba maendeleo hayajengwi juu ya fedha za kuombwa. Hata hivyo ushauri wa mgeni unaweza kuwa baraka kweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mfano mmoja mzuri ni ugonjwa wa mnyoo wa Guinea. Mwaka 1986 watu wanaokadiriwa kuwa milioni 3.5 waliugua ugonjwa huo katika nchi zipatazo 20 za Afrika na Asia. Mnyoo hutoka taratibu kupitia ngozi, kwa maumivu makali, na mkulima hulala ndani wakati wa shamba. Hauna chanjo, hauna dawa ya kuutibu. Shirika lililoanzishwa na Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, pamoja na Shirika la Afya Duniani na serikali za nchi husika, walikuja na ujuzi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa kuchuja maji ya bwawa kwa kitambaa, na kumzuia mwenye kidonda asiingie bwawani. Waliosimamia ni watu wa vijiji vyenyewe waliojitolea, wanaomjua kila jirani na kila bwawa. Mwaka 2009 Uganda ilithibitishwa kuwa haina tena ugonjwa huo, na Kenya mwaka 2018. Mwaka 2023 wagonjwa duniani kote hawakufika 20.

Katika kazi hiyo tunauona mfano wa Yethro. Mgeni alileta alichokijua, mwenyeji akakishika kwa mikono yake, na mgeni akaweza kwenda zake bila kazi kusimama.

Basi tufanye nini? Hatupendekezi kamati nyingine. Tunapendekeza mazoea matatu.

Kwa wale kati yetu wanaofanya kazi ya ushauri: kabla ya kuandika, kaa siku moja bila karatasi mahali ambapo watu wanafanya lile jambo, kama Yethro alivyokaa. Kisha jiulize kwa jina: mwaka wa tano kuanzia leo, nani atanunua dizeli, nani atafunga bomba, nani atalipa? Kama huwezi kutaja mtu, kazi bado haijaisha. Na kabla taarifa haijakwenda mjini, wasomee wenye kijiji yale uliyoandika juu yao, kwa lugha yao, wakuambie kama ni neno jema.

Kwa sisi tunaopokea: tukubali kukutwa na bomba kavu. Tusimfagilie mtathmini njia. Aliyekuja kujua aoneshwe majani yaliyoota. Huenda tutapoteza mradi mmoja, lakini tutamwokoa jirani tusiyemjua.

Kwa sisi tunaoandika maandiko ya miradi kwa jina la kanisa: tusipambe umaskini wetu ili uuzike. Tusihesabu yatima mara mbili. Watu wetu si bidhaa ya kuombea, ni sura ya Mungu, na ukweli juu yao ni sehemu ya heshima yao.

Wazee wa usharika wetu hatimaye tulikwenda katika kijiji kile cha jirani. Tulikaa chini ya mti tukawaeleza habari ya madumu mawili ya dizeli. Hatukujua watatupokeaje. Walinyamaza muda mrefu, kisha mzee mmoja akasema, "Afadhali mmetuambia, maana tulidhani sisi ndio wavivu." Tangu siku hiyo vijiji viwili vinajadiliana pamoja jinsi ya kuzifufua mashine hizo, na barua kwa wafadhili tumeiandika pamoja, ikieleza mambo kama yalivyo. Majibu hayajaja. Maji bado ni ya shida. Lakini tunapokutana na wenzetu njiani sasa tunaweza kusalimiana tukitazamana usoni.